Msitu Wenye Masharti

Wazee wa kaya mlioketi hapa mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, kina mama, vijana na wageni wetu, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nizungumze juu ya uhusiano wa kiroho kati ya mtu na mazingira anamoishi. Mada hii inapendwa sana siku hizi, na si ajabu kumsikia mtu wa mjini akieleza jinsi moyo wake unavyotulia anapotembea ufuoni alfajiri au anapokaa chini ya mti mkubwa. Sina neno na utulivu huo. Ni neema, na anayeupata amshukuru Mola wake. Lakini wazee wetu wa pwani hii ya Kenya, kuanzia Vanga hadi Malindi, hawakuishia kwenye utulivu. Waliujua msitu kuwa ni mahali penye wenyewe, mahali ambapo mtu huingia kwa idhini, kwa njia maalumu na kwa vazi maalumu, kisha akatoka mikono mitupu. Hoja yangu leo ni kwamba uhusiano na ardhi huanza pale mtu anapoyakubali masharti ya ardhi hiyo, na kwamba mapenzi yasiyo na sharti lolote, hata yakiwa ya dhati, hayana nguvu ya kumzuia mwenye shoka.

Kwa vijana ambao kaya wamezisikia kwa mbali tu, nieleze kwa ufupi. Masimulizi ya Wamijikenda yanasema kwamba mababu zetu walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Somalia, wakasukumwa na vita mpaka huku kusini. Walipofika walijenga vijiji vyao ndani ya misitu minene, vingi vikiwa juu ya vilima, wakaviwekea maboma na njia chache tu za kuingilia ili adui asiwafikie kwa urahisi; vijiji hivyo ndivyo kaya. Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma, kila jamii kati ya hizi tisa za Wamijikenda ilikuwa na kaya yake au kaya zake. Ndani palikuwa na uwanja wa baraza, na mahali palipojulikana na wachache palizikwa fingo, kinga ya kaya ambayo masimulizi yanasema ililetwa kutoka Singwaya kwenyewe.

Amani ilipopatikana na watu wakahitaji mashamba zaidi, familia zilianza kuhama, na kufikia miaka ya 1940 kaya karibu zote zilikuwa hazikaliwi tena. Hapa ndipo penye jambo ambalo naomba tulitafakari kwa utulivu. Kijiji kikihamwa, kwa kawaida msitu uliokizunguka hauna mtetezi; utageuzwa kuni, mkaa, nguzo za nyumba na hatimaye shamba la mahindi. Kaya nyingi hazikupatwa na hayo. Makaburi ya wakuu yalikuwa mle, fingo lilikuwa mle, maombi ya mvua yalifanyika mle, na kwa sababu hiyo msitu ukaendelea kulindwa na watu ambao hawakuwa wakiishi tena ndani yake na ambao wangepata faida ya haraka kwa kuukata. Ndiyo maana leo, katika pwani ambayo imepoteza sehemu kubwa ya misitu yake, zimesalia kaya zaidi ya 40 zinazotambulika, nyingine zikiwa ni hekta chache tu zilizozungukwa na minazi na mikorosho pande zote. Wataalamu wa mimea waliozitembelea miaka ya 1980 walikuta ndani yake mimea adimu ambayo ni vigumu kuiona kwingineko nchini.

Mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa, na mwaka huohuo Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yakapata kitengo maalumu cha kuhifadhi misitu ya pwani. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza baadhi ya kaya hizi katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2009 ikaziingiza mila na desturi za kaya katika orodha nyingine, ile ya turathi zisizoshikika zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Watu hupenda kuitaja ile ya kwanza, kwa sababu ina fahari. Mimi naona ya pili ndiyo yenye uzito. Inatuambia kwamba miti bado imesimama, lakini kile kilichoisimamisha kinatikisika.

Tuingie basi kwenye kaya moja tuone kwa karibu. Kaya Kinondo iko Kwale, kusini kidogo ya hoteli za Diani, msitu wa takriban hekta 30 unaoota juu ya mwamba wa matumbawe hatua chache kutoka baharini. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia. Kofia huvuliwa. Wapendanao hawashikani kimapenzi, hakuna kelele, na sehemu nyingine za msitu hazioneshwi mgeni wala hazipigwi picha. Njia ni nyembamba, mawe ya matumbawe yamechongoka kila mahali, na mizizi ya miti mikubwa imeyakumbatia na kupenya katika nyufa zake, kwa kuwa udongo wenyewe ni wa kuhesabu. Ukitazama juu huenda ukamwona mbega akiruka na mkia wake mrefu. Na ukitazama chini utaona gogo limeanguka na kuachwa hapohapo lilipoangukia, limeota kuvu na kushikwa na mchwa, ilhali nje ya msitu, mwendo wa dakika chache, akina mama wanatembea mbali kutafuta kuni.

Gogo hilo linasema mengi. Katika kaya nyingi haikuruhusiwa kutoa hata tawi kavu, na mtu aliyefundishwa hesabu za faida na hasara ataliona katazo hilo kuwa la bure. Lakini mti mkavu uliosimama na mti mzee wenye shimo ndiyo nyumba ya hondohondo. Jike la hondohondo huingia katika shimo la mti, mlango ukazibwa ukabakia ufa mwembamba, naye akaatamia humo huku dume akimletea chakula kwa wiki nyingi. Pasipo na mti mkongwe hakuna shimo, na pasipo na shimo hakuna kiota. Hondohondo naye ni mla matunda anayeruka mbali, na mbegu anazozimeza huziangusha sehemu nyingine za msitu zikaota. Kwa hiyo anayechukua mti mkavu kwa ajili ya kuni huchukua pamoja nao miche ya miaka ijayo. Sidai kwamba wazee waliweka mwiko ule kwa sababu walikuwa wamefanya utafiti wa hondohondo. Nasema kwamba waliamini msitu una haki ya kubaki na vitu vyake, pamoja na vile ambavyo macho ya mwanadamu yanaviona havina kazi, na imani hiyo ikahifadhi mambo ambayo hesabu za kawaida zingeyafuta.

Aliyevunja mwiko hakupelekwa kituo cha polisi. Alikwenda mwenyewe, au alipelekwa na jamaa zake, mbele ya wazee, akatozwa kuku au mbuzi, na kaya ikatakaswa. Tuangalie kilichomo katika utaratibu huo. Kosa la kukata mti lilihesabiwa kuwa limewagusa waliokufa, waliopo na watakaozaliwa, na adhabu yake ililipwa hadharani, watoto wakishuhudia na kujifunza. Leo tunaweka walinzi na vibao vya onyo, na ni lazima tuviweke, lakini mlinzi hulala na kibao hung'olewa. Msitu unalindwa vizuri zaidi pale ambapo jirani wa msitu mwenyewe hawezi kulala usingizi akiwa na kuni za kaya jikoni mwake.

Najua kuna walioniandalia swali, na si vibaya nikilitangulia. Mimi ni Mdigo na ni Mwislamu, na nimeulizwa mara nyingi kama kuzungumza hivi juu ya kaya si kuwarudisha watu kwenye ushirikina. Najibu kwa adabu, nikijua kwamba wapo wanaotofautiana nami kwa nia njema. Miongoni mwa wazee wa kaya za Kidigo wamo wanaoswali swala tano, na miongoni mwa wazee wa upande wa Kilifi wamo wanaokwenda kanisani Jumapili. Dini tulizozipokea hazikutuletea ardhi isiyo na mwenyewe. Mwislamu amefundishwa kwamba mwanadamu ni khalifa duniani, mwakilishi aliyekabidhiwa amana, na amana haitumiwi apendavyo aliyekabidhiwa. Mkristo amesoma kwamba mtu aliwekwa katika bustani ili ailime na kuitunza, na amri hizo mbili zilitolewa pamoja. Yapo mambo ya tambiko ambayo mimi binafsi siyashiriki, na wazee wanalijua hilo na hawajanifukuza. Lakini sharti la kuvua kofia, kunyamaza na kutoiba katika mahali palipozikwa babu zangu halinigombanishi na dini yangu hata kidogo.

Serikali ya kikoloni iliuelewa uzito wa kaya kuliko wengi wetu tunavyouelewa leo. Mwaka 1913, Waingereza walipotaka kodi ya vibanda, vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na kuwaondoa Wagiriama katika ardhi yao ya kaskazini ya mto Sabaki, Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, na viapo vikaliwa Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, wanawake wakala kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hawatashirikiana na utawala ule. Mekatilili na mwenzake Wanje wa Mwadorikola walikamatwa wakapelekwa kuzuiliwa Kisii, wakatoroka mwanzoni mwa 1914 na kurudi pwani, umbali wa mamia ya kilomita. Mwezi Agosti mwaka huohuo serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Wangeweza kuwafunga viongozi na kuishia hapo. Waliamua kulipua mahali, kwa sababu walikwisha kuona kwamba mahali pale ndipo palipowapa watu uthabiti wa kusema hapana. Hata hivyo Kaya Fungo bado ipo, na wazee bado wanakusanyika humo.

Baruti haitumiki tena. Siku hizi kaya humegwa kwa hatimiliki. Katika ukanda wa Diani, ambako kiwanja cha ufuoni kina bei kubwa, kaya zimepoteza sehemu zao kwa majengo na uzio, na kwingine mchanga, mawe na mbao vimechukuliwa usiku. Mwaka 2022 tuliiona mibuyu ya Kilifi, miti ambayo bibi zetu walituambia tusiikaribie ovyo jua linapotua, ikichimbwa na kung'olewa mizima ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia ikapambe bustani. Wenye mashamba walilipwa, nami siwalaumu, kwa sababu mwenye njaa hahukumiwi na aliyeshiba. Kelele zilipigwa, na mwezi Novemba Rais akaagiza uchunguzi. Lakini jiulizeni ni nini kilichotangulia kung'olewa. Mbuyu ule uliuzika kwa sababu mwiko wake ulikuwa umekwisha kutoka vichwani mwetu.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa vigango. Kigango cha Kigiriama ni nguzo ya mbao iliyochongwa kwa ajili ya mkuu aliyefariki wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, na sharti lake ni moja lisilo na mjadala: kikisimamishwa hakihamishwi. Familia ikihama, kigango hubaki na ardhi hiyo mpaka mvua na mchwa vikimalize. Miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikafika katika majumba ya makumbusho ya Marekani vikaitwa sanaa. Viwili vilirudishwa mwaka 2007, na vingine 30 vikarudi kutoka Denver mwaka 2019. Nawashukuru waliovirudisha. Hata hivyo kigango kilichorudi kikiwa ghalani, mbali na boma kiliposimamishwa, bado hakijafika nyumbani, na kazi ya kukifikisha ni yetu.

Lakini hakuna katika haya yote linaloniuma kuliko kuuawa kwa wazee wenyewe. Katika Kilifi na Kwale wazee wamekuwa wakivamiwa usiku na kukatwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi, wakati mwingine ushahidi pekee ukiwa ni mvi zao na macho mekundu ya moshi wa jikoni. Ukichunguza kesi hizi, mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba, na nyuma ya shamba kuna mtoto au mpwa anayetaka kuliuza na mzee asiyekubali. Wapo wazee waliolazimika kukimbia makwao na kuhifadhiwa katika kituo cha Kaya Godoma kule Ganze, watu wa umri wa kupikiwa na kusikilizwa, wakilala ugenini kwa kuogopa damu yao wenyewe. Naomba nieleweke vizuri hapa. Hatuwezi kuandaa sherehe za utamaduni na kuwavalisha watoto wetu hando, kisha tukanyamaza wakati wanaojua majina ya miti, mipaka ya msitu na maneno ya maombi wanapozikwa kwa mapanga. Anayemuua mzee kwa ajili ya shamba ameiua kaya na shamba pamoja, na anayejua akanyamaza ana sehemu yake katika damu hiyo.

Sasa nigeukie swali la vijana wa Kisauni, Likoni, na wale mliokuja kutoka Nairobi, ambao hamkuzaliwa karibu na kaya na huenda si Wamijikenda. Mnaweza kujenga uhusiano gani na mahali? Naomba msijifanye wazee wa kaya. Siku hizi huonekana watu wakikusanya kidogo kutoka kila mila, kaniki ya huku, ubani wa kule, ngoma ya kwingine, wakaiita ibada ya maumbile. Mila ya mtu ina wenyewe, na kuichukua bila idhini ni sawa na kukata mti bila idhini. Mlicho na haki nacho, tena mna wajibu nacho, ni mahali mnapoishi.

Chagua mahali pamoja, padogo, karibu na kwako: kijito kinachopita nyuma ya nyumba, mkoko wa Tudor au wa Mtwapa, mbuyu ulio kando ya barabara. Jua jina la mti huo kwa lugha ya wenyeji, na jina hilo ulipate kwa mwenyeji, kwa sababu mazungumzo hayo ndiyo mlango wa mengine yote. Jua maji yanatoka wapi na yanaishia wapi. Jua pepo: kusi ikivuma bahari inachafuka na wavuvi wa madau wanakaa nchi kavu, kaskazi ikija bahari inatulia, na mtu aliyeishi pwani miaka mingi bila kuzitambua pepo hizi bado ni mgeni. Kisha, na hapa ndipo penye ugumu, jiwekee jambo ambalo hutalifanya pale. Hutatupa taka, au hutakata, au hutajenga, au hutaruhusu wanao wapige ndege manati. Liwe dogo, ila lishike, hata siku ambayo kulivunja kungekufaa. Wamijikenda walihesabu juma la siku nne, na katika siku hizo walikuwa na Jumwa, siku ambayo jembe halikugusa shamba. Ardhi ilipewa siku yake, na mwenye shamba, hata akiwa na magugu yaliyomshinda, aliiheshimu siku hiyo.

Wala msidhani kwamba masharti ni ya zamani pekee. Kule Gazi na Makongeni, Kwale, wanakijiji waliamua kuulinda mkoko wao, na tangu mwaka 2013, chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, wamekuwa wakipata fedha kwa kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo, na fedha hizo zimeingia katika maji na shule. Nafurahia mafanikio yao. Tahadhari yangu ni moja tu: bei ya hewa ya ukaa hupanda na kushuka katika masoko ambayo hatuyamiliki, na siku itakaposhuka, mkoko utahitaji watu walio na sababu nyingine ya kutoukata. Sababu hiyo ijengwe sasa, wakati fedha zipo, kwa kuwapeleka watoto mkokoni na wazee wao, si na mwalimu peke yake. Vilevile utalii wa Kaya Kinondo umewapa wenyeji kipato na heshima, na nauunga mkono, mradi zile sehemu zilizofungwa ziendelee kufungwa, hata atakapokuja mgeni mwenye fedha nyingi.

Nina ombi kwa walimu wenzangu. Tunafundisha misitu ya Amazon vizuri, na mwanafunzi anaweza kuichora kwenye ramani, lakini hajui kaya iliyo umbali wa kilomita tano kutoka darasani. Tuanze na ile iliyo karibu. Tusiwapeleke watoto bila taarifa, kwa basi na vipaza sauti; tutume ujumbe kwanza, tungoje jibu, na tukiambiwa siku hiyo haifai, tukubali. Kusubiri kwenyewe ni sehemu ya somo.

Na kwenu vijana mnaotaka kuingia kayani: mzee atakapokupokea, kabla ya kukueleza lolote atakuuliza wewe ni mtoto wa nani, wa fuko gani au mbari gani, na umekuja kutafuta nini. Usiulizwe hayo ukiwa huna jibu. Waulize wazazi na bibi zako leo jioni, na kama wewe si mwenyeji, sema wazi kwenu ni wapi na nani amekuelekeza.

Mimi ni mwalimu tu, na maarifa niliyonayo ni ya nje ya boma. Mengine yenye uzito zaidi hayakuwekwa kinywani mwangu, na sitajaribu kuyasema. Wazee wako hapa. Wamekubali kuyajibu maswali yenu, yale wanayoruhusiwa kuyajibu, na sasa nawakabidhi nafasi hii.